Nilihamia Mwenye Nyumba Hajatoka

Nilinunua nyumba kwa simu, nikiwa nimekaa juu ya kitanda cha mteja ambacho nilikuwa sijamaliza kukipiga msasa. Upande wa pili alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, kisiwani Ukerewe, akizunguka na simu chumba hadi chumba ili nione. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Niliona kipande cha dari, kisha uso wake umeganda mdomo wazi, kisha mlango wa mbao unaokwangua sakafu, kisha jiko la nje.

"Umeona, shemeji?"

"Nimeona."

"Umeipenda?"

"Sawa," nikasema.

Basi. Sikuuliza maji wanachota wapi wala majirani ni watu wa namna gani. Mtu akija karakana kwangu kuagiza stuli tu, atauliza mbao imekauka au bado, ataigonga kwa kidole, ataondoka, atarudi kesho. Mimi nyumba nzima nilisema sawa, nikaendelea na msasa.

Mke wangu alikuwa amefariki kipupwe kilichopita. Tulimzika Tabora, maana huko ndiko tulikoishi tangu nilipomwoa. Watu walijaa, wakala, wakaondoka. Nilikuwa nasubiri kulia. Kila mtu alinitazama kama anayesubiri pamoja nami, na kilio hakikuja. Siku ya arobaini ilipopita nilirudi kazini, nikatengeneza makabati, nikafunga bawaba, wateja wakasifu. Mikono ilikuwa inajua kazi yake na haikunihitaji.

Nyumba tuliyokuwa tunakaa, pale Gongoni, ilikuwa ya baba. Babu yake baba alifika Tabora na misafara, amebeba mzigo wa mtu mwingine, akachoka, akaoa, akabaki. Nyumba aliyoijenga mwanawe ina kuta za udongo nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu haifiki ukingo wa nje. Sisi warithi tulikuwa wengi na nyumba ni moja. Akatokea mtu anayetaka kuivunja ajenge fremu za maduka. Watu hupenda kusikia kwamba ndugu waligombana. Hatukugombana. Tulikaa sebuleni, tukanywa chai, tukakubaliana kuuza, na kila mtu akarudi kwake. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina kwangu kwa kurudi.

Dada yangu mkubwa, anayekaa Ipuli, alilichukua jambo langu kama kazi yake. Alinipeleka Itetemia kutazama kiwanja. Kilikuwa kizuri, nakumbuka, kimekaa tambarare, na mwenyewe alikuwa amelima viazi vitamu kwenye nusu yake. Dada alitembea katikati ya matuta amekunja khanga, akigawa vyumba kwa mkono.

"Hapa sebule. Hapa chumba chako. Karakana utaiweka kule barabarani, wateja wakuone."

Nilikuwa natazama majani ya viazi.

"Mbona hujibu, mdogo wangu?"

"Nakusikia, dada."

"Sikukuuliza kama unanisikia."

Mwenye kiwanja akatutazama kwa zamu, akajifanya anaondoa tope kwenye jembe lake. Tukarudi mjini bila kukubaliana lolote. Dada hakunisemesha njia nzima, na mimi sikuona tofauti.

Shemeji alipopiga simu kusema kuna bibi mmoja karibu na kwao, nje kidogo ya Nansio, anauza nyumba anahamia Mwanza kwa mwanawe, hata sikuelewa kwamba ananiambia mimi nikanunue. Nilidhani ni habari tu. Mpaka akasema, "Na wewe huna pa kukaa, shemeji. Huku ni kwa mkeo. Hakuna atakayekufukuza." Kesho yake ndiyo akanizungushia ile simu.

Dada aliposikia, alikuja karakana akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kisiwani?"

"Ndiyo."

"Wewe hata maji ya bwawa la Igombe hukuwahi kuyagusa. Unaenda kuzungukwa na ziwa kwa sababu gani?"

Nilitafuta sababu. Nilikuwa nimeshawapa watu wengine sababu mbalimbali: kwamba huko mafundi ni wachache, kwamba hali ya hewa ni nzuri, kwamba mke wangu angependa. Zote nilizitoa kwa sababu waliuliza. Dada sikuweza kumpa hata moja.

"Nimeshasema sawa," nikamjibu.

"Na kaburi la mkeo?"

"Lipo."

Akaingia, akaanza kufunga vyombo vyangu vya kazi kwenye magazeti, randa, patasi, misumeno, huku akilalamika kwamba vitapata kutu ya ziwa. Alilia akifunga. Nilimshikia kamba.

Safari yenyewe haina mengi. Basi lilipita Nzega asubuhi, watu wakashuka kula, mimi nikabaki kwenye kiti na sanduku la vyombo miguuni. Shinyanga nililala. Mwanza nilifikia gesti, na kesho yake nikapanda meli ya Nansio. Nilikuwa najiandaa kuogopa maji, maana kila mtu alikuwa ameniogopesha, lakini sikuogopa. Nilikaa na akina mama wenye magunia ya vitunguu. Mmoja akaniuliza, "Baba unaenda nyumbani?" Nikasema ndiyo, kwa kuwa ndiyo lilikuwa jibu fupi.

Shemeji alinipokea gatini. Ana sura ya dada yake kuanzia puani kwenda juu, hilo nilikuwa nimelisahau. Tukapanda bodaboda mbili, ya pili imebeba sanduku langu. Njiani alikuwa na wasiwasi, anageukageuka kunitazama. Tulipofika kwenye kona ya mwisho aliwasimamisha vijana, akashuka, akanijia.

"Shemeji, kuna jambo. Yule bibi hajatoka."

"Hajatoka wapi?"

"Ndani ya nyumba. Mwanawe alikuwa aje amchukue wiki iliyopita, hakuja. Anasema anapaka rangi chumba cha kumweka mama. Nimeona haya, shemeji. Njoo ukae kwangu kwanza, mpaka atoke."

Kwake kulikuwa na mumewe, watoto, na mama mkwe wake. Nikafikiria kusalimiana na watu wote hao na kupewa pole upya, mmoja mmoja.

"Twende tu," nikasema.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeanza kuiva kutu pembeni, na michungwa upande wa nyuma. Bibi alikuwa ameketi kibarazani anachambua dagaa kwenye ungo. Hakukuwa na mzigo hata mmoja uliofungwa. Mapazia yalikuwa yananing'inia, sufuria ziko nje zimeanikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye mimi."

"Karibu kwako. Umekula?"

Shemeji akaanza maneno, kwamba bibi, tulikubaliana, mgeni ametoka mbali. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, mikono inaendelea na dagaa. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, "Nitoke niende wapi leo, mwanangu?"

"Kaa tu, bibi," nikasema. "Vyumba vipo."

Habari hiyo ilizunguka. Nilisikia baadaye kwamba nilisifiwa sana, kwamba watu wa Tabora wana utu. Nilipokea sifa hizo kwa sababu kuzikataa kungehitaji maelezo. Ukweli ni kwamba kumtoa mtu ndani ya nyumba ni kazi, na mimi sikuwa na nguvu ya kazi hiyo. Angekuwemo ng'ombe ningemwacha vilevile.

Tukaishi hivyo. Yeye chumba cha ndani, mimi cha mbele. Maandishi ya mauzo tuliyamaliza kwa mwenyekiti, bibi akaweka dole gumba, tukarudi wote nyumbani kwa miguu, akapika. Ugali wake ulikuwa wa muhogo, mweusi kidogo na wa kunata, na mwanzoni ulinikaa kooni. Aliona, na siku iliyofuata aliuchanganya na mahindi.

Alikuwa hapendi watu waliokaa kimya na alikuwa hapendi waliosema sana. Mimi alinivumilia. Asubuhi alinipa ufagio, akanionyesha mpaka wapi nifagie na wapi ni kwa jirani. Aliniambia jirani yupi hukopa chumvi harudishi. Ule mlango niliouona kwenye simu ulikuwa wa chumba chake, na kila alipoufungua ulikwangua sakafu kwa sauti ya kuchoma masikio. Nilitoa randa kwenye magazeti ya dada, nikaung'oa, nikaupunguza chini, nikaurudisha. Aliufungua na kuufunga mara kadhaa.

"Sasa nitajuaje mtu ameingia?" akasema.

Nilidhani amefurahi, halafu nikaona kwamba anauliza kweli. Nikamfungia komeo kwa ndani. Akaridhika.

Nilikuwa nimejiandaa kwamba siku moja atanieleza habari za mke wangu alipokuwa mtoto. Mke wangu alikulia jirani tu, nyumba ya baba mkwe iko ng'ambo ya shamba. Siku moja tukichuma machungwa niliuliza mwenyewe. Nikamtajia jina lake, jina la baba yake, nikamweleza alivyokuwa.

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa bidii, niliona.

"Watoto walikuwa wengi pale," akasema. "Simkumbuki, mwanangu. Nisikudanganye."

"Haidhuru."

"Alizikwa wapi?"

"Tabora."

Akasimama na chungwa mkononi. "Yaani yeye alitoka huku akazikwa kwenu, na wewe umetoka kwenu uje uzikwe huku?"

Sikuwa nimeliwaza hivyo. Bibi akaanza kucheka, cheko la mtu asiye na meno ya mbele, akaweka kapu chini ili acheke vizuri. "Nyie watu wawili," akasema, "nyie watu wawili mmepishana njiani!" Hakuna aliyekuwa amecheka mbele yangu kuhusu jambo hilo. Tangu msiba watu walikuwa wanashusha sauti wakinikaribia. Nilisimama nikimtazama. Sikucheka, ila sikuudhika, nikamwokotea kapu.

Mwanawe alikuja msimu wa machungwa ukiwa unaisha, mtu mpole, mwenye haya, aliyerudia kuomba radhi mpaka mama yake akamnyamazisha. Bibi alikuwa tayari kabla chai haijapoa. Sikujua alifunga vitu saa ngapi. Alichukua mapazia, sufuria, ungo. Kitanda aliniachia, akasema hakipiti mlangoni kwa mwanawe, na kwamba mimi ni fundi, nikikichoka nitajua la kukifanya.

Niliwasindikiza mpaka gatini. Pale alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Jirani wa chumvi, usimkopeshe."

"Sitamkopesha, bibi."

"Haya. Baki salama kwako."

Nilirudi kwa miguu. Nyumba ilikuwa wazi, madirisha hayana mapazia, na jua lilikuwa limeingia mpaka ukutani ambako halikuwa likifika. Nilikaa kwenye kiti. Sikusikia huzuni wala nafuu. Baadaye nilipata njaa, nikapika ugali, nikauchanganya na muhogo nusu kwa nusu, nikala.

Shemeji alikuja jioni na watoto wake kuniona nimeshindaje. Aliuliza kama nyumba nimeipenda sasa ambapo ni yangu kweli. Nikamwambia sijui bado. Akasema ni haki, akasaidia kuosha vyombo. Watoto walikimbia chumba kwa chumba wakisikiliza sauti zao.

Kazi ilianza kuja yenyewe. Kwanza madawati ya madrasa, halafu kabati la mwalimu mmoja. Mbao za huku ni laini, zinakubali msumari haraka na kuuachia haraka, na ilinibidi nijifunze upya kuzikaza. Hilo lilinichukua akili, na zilikuwepo saa nzima ambazo sikuwaza kitu kingine.

Dada alikuwa anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale: afya, kazi, mvua. Ijumaa moja akauliza, "Umeshazoea?"

"Bado."

"Basi unarudi lini?"

"Sirudi," nikasema.

Lilitoka haraka, kabla sijalitafuta. Nyuma ya dada nilisikia kelele za Ipuli, mtu anauza maji ya kandoro, yale ya vifuko, jogoo.

"Haya," dada akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayefunga duka. "Basi nitakuja mimi. Nauli nitaitafuta. Nikuletee nini kutoka huku?"

Kwa muda mrefu mtu akiniuliza nataka nini nilikuwa najibu chochote. Nilifungua mdomo kusema hivyo.

"Uyoga," nikasema. "Ule wa porini, wa kukausha."

"Uyoga? Wa mwaka jana umeisha sokoni kote. Mvua zenyewe hazijaanza."

"Basi zikianza," nikamwambia. "Ninausubiri."