Paking ya Mtu Asiye na Gari

Baba yangu alikuwa na kiti. Najua hata wewe baba yako alikuwa na kiti, lakini hiki kilikuwa na mikono miwili ya mbao, na pale Makongeni, katika zile nyumba za reli ambapo chumba kimoja kilikuwa sebule na jikoni na, nyuma ya pazia, chumba cha kulala cha wakubwa, kiti chenye mikono kilikuwa kama lori. Kilimeza nafasi yote. Sisi watoto tulikaa kwenye benchi, tumebanana kama ndizi kwenye chane, na kiti kiko pale kitupu, kinatutazama. Baba alikuwa gadi wa treni za mizigo. Angeondoka kwenda upande wa Kisumu tusimwone wiki nzima, na bado hakuna aliyekikalia. Mama alikipangusa vumbi kila asubuhi kabla hata ya kuwasha jiko. Siku moja nikamuuliza mbona anapangusa kiti ambacho hakikaliwi. Akasema, "Ndio akija akute ana pahali."

Neno hilo nimelibeba. Shule sikuibeba sana, nilifika darasa la nne nikatoka kwa mlango uleule nilioingilia, lakini neno la mama ninalo.

Na baba akirudi alichinjiwa kuku, na firigisi ilikuja kwa sahani yake peke yake, akaila akiwa kwenye kile kiti. Kwetu magharibi firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke hakuigusa, na mtoto akiigusa alichapwa. Mimi niliinusa tu. Mpaka leo nikinusa firigisi namuona baba na kofia yake ya reli.

Sasa siku moja, baba anatarajiwa jioni, akaja mtu kutoka nyumbani, jamaa ya baba, mwenye tumbo na maneno mengi. Aliingia, akaangalia benchi, akaangalia kiti, akakaa kwenye kiti. Sisi tukaacha kupumua. Mama akachukua kikombe. Alimpa chai. Alimuuliza habari za mvua. Halafu akaenda pale kwenye pazia, akaangalia juu, akasema, "Shemeji, hebu nisaidie, huu msumari umelegea na mimi sifiki." Yule mtu akainuka, akashika msumari, akausukuma na kidole gumba huku akieleza vile misumari ya siku hizi si misumari. Alipogeuka, kiti kilikuwa kimesukumwa ukutani na koti la baba liko juu yake, na chai yake inamngoja kwenye benchi. Akakaa kwenye benchi, akaendelea na hadithi. Hakujua ametolewa.

Baadaye mama akatuambia, "Mgeni haambiwi ondoka. Mgeni anaombwa msaada."

Nilikuwa nataka kuzungumza habari ya gari, ndio nafika.

Mimi reli haikunichukua. Nilifanya kazi kiwanda cha sufuria kule Baba Dogo, masikio yangu mpaka leo yana mlio wa sufuria, mke wangu akiniita mara ya kwanza nadhani ni mashine. Kwa hiyo kazi nilipata kiploti Lucky Summer, nikajenga polepole vyumba vya kupangisha na chetu cha kukaa. Lakini hapo kando ya geti nilimwambia fundi aache wazi, amwage simiti, aweke mabati juu.

"Mzee, hapa tunaweka duka," fundi akasema.

"Hapo ni paking."

"Paking ya nini?"

"Ya gari."

"Gari gani?"

"Litakuja."

Fundi alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi. Na si yeye peke yake. Wapangaji walitaka kuweka majiko pale, nikakataa. Mke wangu alitaka kuanika nguo, tukakosana siku mbili tatu, nikakataa. Vijana wa bodaboda walio hapo nje waliniita Paking, "Niaje, Paking," na mimi nilijibu poa, kwa sababu jina hata kama ni la mzaha linataka kuitikiwa. Kila Jumamosi nilifagia ile simiti. Nina mtoto msichana mmoja, mwenye akili ya mikono, aliyeanza kwa kumshikia fundi wa vioo ngazi na sasa ana karakana yake upande wa Makadara, anakata vioo na kufunga madirisha ya watu. Sikumwambia kamwe kwamba ile paking ni yake. Mambo mengine ukiyasema yanaona haya.

Basi juzi juzi akapiga simu. "Baba, Jumapili baada ya kanisa nakuja. Na nakuja nikiendesha."

Sikulala vizuri, niseme ukweli. Tukaalika wamama wa kanisa waje waombee gari, mke wangu akatafuta kuku, na Jumapili asubuhi nikatoka na ufagio.

Kulikuwa na gari ndani ya paking.

Si la bluu, maana msichana wangu alisema lake ni la bluu. Lilikuwa kubwa, rangi ya fedha, limejaa pale kama mguu kwenye kiatu cha mtoto. Mpangaji mmoja alirudi alfajiri kutoka kazi ya usiku akaacha geti wazi, na mtu akaona pahali pasafi pana mabati, akaingiza. Nilisimama na ufagio wangu. Miaka yote ile paking ilikuwa tupu, na siku ya mwenyewe kuja ndiyo siku imepata mgeni.

Vijana wa bodaboda wakaja kuangalia.

"Buda, hiyo toa upepo," mmoja akasema. "Magurudumu yote."

"Ikitolewa upepo itaenda wapi?" mke wangu akamuuliza. "Si itakaa hapa mpaka Jumanne?"

"Basi tuibebe juu juu tuitupe kwa mtaro."

"Wewe mwili wako mwenyewe hubebi, utabeba gari?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihesabu kichwani vile kanisa lake la kule Makadara hutoka mapema, na vile barabara ya Jumapili haina msongamano wa kumchelewesha mtu.

Mwenye gari akatokea kwa jengo la ng'ambo, ana kijiti kwa meno, anazungusha ufunguo kwa kidole. Alikuwa amelala kwa rafiki. Mtu wa makamo, shati zuri, viatu vinang'aa. Akaona watu wamezunguka gari lake, akaja tayari kwa vita.

"Nani amegusa gari yangu?"

"Hakuna," nikasema. "Karibu."

"Hii nafasi ni ya nani?"

"Yangu."

Akaangalia ng'ambo hii, akaangalia ng'ambo ile. "Na gari yako iko wapi?"

 Hata bodaboda walionizoea kwa mzaha waliangalia chini, na nikajua kumbe wananipenda.

"Yaani mtu hana hata baiskeli," akasema, "na anamnyima mwenzake pahali. Mzee, naenda kunywa supu. Nikirudi nitaitoa."

Akageuka. Na mimi mkono wangu ulikuwa kwenye ufagio, na niseme ukweli tena, ufagio ulikuwa unapanda wenyewe. Lakini nikaona pazia. Nikamuona mama anaangalia juu kwenye msumari.

"Kijana wangu," nikaita. "Ngoja. Nina shida."

Akasimama.

"Leo nina wageni. Viti viko kanisani, na kuna wamama wawili wazee, miguu imewakataa. Nilikuwa nimeomba Mungu mtu mwenye gari kubwa."

Si uongo. Viti vilikuwa kanisani kweli, na nilikuwa nimepanga kuvibeba kwa mkokoteni. Yule mtu akaangalia bodaboda, akaangalia mke wangu ambaye tayari alikuwa amefunga mikono kama anayeshukuru. Sasa niambie, mtu mwenye gari kubwa, Jumapili, mbele ya watu, ameombwa na mzee. Atasema nini?

"Kanisa liko mbali?"

"Hapo tu Baba Dogo."

Akatema kijiti.

Nilikaa mbele. Mkanda ulinishinda kufunga, akainama akanifunga yeye mwenyewe, na hapo ndipo niliacha kumkasirikia. Akarudi nyuma polepole, akatoka kwenye geti, na kwenye kioo cha pembeni niliona mke wangu akiingia pale kwa ufagio kabla hata hatujafika barabarani.

"Wageni gani hawa?" akaniuliza njiani.

"Msichana wangu analeta gari lake. Tunaliombea."

"Gari gani?"

"Sijui. Sijaliona. Ni la bluu."

Akacheka kidogo. "Na hiyo paking ulijenga lini?"

"Akiwa bado anashika ngazi ya fundi."

"Miaka yote ilikuwa tupu?"

"Haikuwa tupu. Ilikuwa yake."

Tukafika kanisani. Alipanga viti nyuma yeye mwenyewe, akavua saa kwanza ili isikwaruzwe, akawashika wamama mkono mmoja mmoja wakapanda, na mmoja alibeba ngoma yake ya kwaya akaipiga njia nzima. Alivumilia.

Tuliporudi, geti lilikuwa wazi. Na kwenye paking, chini ya mabati yangu, juu ya simiti yangu, kulikuwa na kigari cha bluu. Kidogo, kimetumika, kimefutwa mpaka kinang'aa kama kioo chake yeye anachouza. Kilibaki na nafasi pande zote, kama mtoto aliyevaa koti la baba. Msichana wangu alikuwa amesimama kando, funguo mkononi, hajui aziweke wapi.

Yule mtu akasimamisha gari barabarani. Akaangalia geti, akaangalia viti nyuma yake, akaniangalia mimi.

"Mzee," akasema, "umenitoa."

"Sijakutoa. Umenisaidia."

Akaweka kichwa kwenye usukani akacheka mpaka mama wa ngoma akamuuliza kama anaumwa.

Alishusha viti, na aliyeshusha viti haondoki na njaa, kwa hiyo akakaa. Tukaomba. Wamama waliwekea kile kigari mikono mbele na nyuma, hata magurudumu. Halafu chakula kikaja, na firigisi ikaja kwangu kwa sahani yake peke yake, kama ilivyokuja kwa baba. Niliinusa. Nikanyoosha mkono nikampa msichana wangu.

Wamama wakatazamana.

"Sasa umeharibu," mama mmoja wa kanisa akasema.

"Wacha ale," akajibu yule wa ngoma. "Kwani mzee ndiye ameleta gari?"

Msichana wangu aliniangalia mara moja tu, akaila yote, polepole, akiwa amesimama karibu na mlango wa gari lake. Nimekula firigisi nyingi tangu niwe mwenye boma, lakini ile ambayo sikuila ndiyo nasikia utamu wake mpaka leo.

Yule mtu aliona yote akiwa kwenye kiti karibu na geti. Alinawa mikono. Alirudisha kiti chake juu ya vingine, akakinyoosha. Akapita kando ya kigari cha bluu akijibana ukutani, ingawa nafasi ilikuwepo, ili shati lake lisikiguse, akainua mkono bila kugeuka, akatoka getini kwenda kwa gari lake, na hakurudi tena.