Vidato Ishirini na Vitatu

Areej alizaliwa juu ya ngazi zile, orofa ya pili, Mji wa Kale, na kwa miaka arobaini na saba hakuziogopa. Ni vidato ishirini na vitatu, vyembamba, vimesimama wima. Aliyeijenga nyumba ile, ukimuuliza Areej, hakutarajia kuzeeka wala kuwa na mama.

Mama yake, Bi Mejumaa, miguu ilimwacha mwaka jana. Kila mwezi sharti ateremshwe kwenda kliniki, na machela haipindi kwenye kona ya ngazi. Vijana wa mtaa walijitolea kumbeba, lakini bibi huyo alisema hajashikwa na mwanamume asiye maharimu wake tangu azaliwe, na hataanza sasa kwa ajili ya dawa ya presha. Mwanawe wa kiume, Ghassan, yuko Doha. Basi akabaki Areej, mshonaji wa mabuibui, ambaye kitu kizito alichozoea kuinua ni pasi.

Mwezi wa Januari, kwenye kidato cha tisa, goti lilimlegea. Wakaanguka kitako wote wawili, mama akachubuka kiwiko. Hakikuvunjika kitu, ila tangu siku hiyo Areej alikuwa akiviona vile vidato hata akiwa anakata kitambaa. Mama hakumlaumu. Alisema tu, "Usinangushe tini, mwanangu."

Jael, mtaalamu wa viungo pale kliniki, ndiye aliyemwambia atafute chuma cha kilo kumi na sita, donge lenye mkono juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Areej akakipata Makupa kwa muuza mitumba. Mazoezi yawe mawili tu, siku tatu kwa wiki: kukibembeza kutoka katikati ya miguu hadi kifuani, kisha kukikumbatia, kuchuchumaa na kuinuka. Na aandike, Jael alisisitiza. "Asiyeandika hujidanganya, dada Areej."

Akaandika, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Bembea thelathini. Arobaini. Hamsini. Bi Mejumaa alihesabu kwa sauti kutoka kitandani, na mwanawe akiiba moja humkaripia. Areej aliandika pia kila safari ya ngazi na mara alizopumzika: Februari mara tano, Machi mara tatu, Aprili mara moja. Kila mara alianza kidato cha juu akisoma Ayatul Kursi, jasho likimtiririka mgongoni kabla hata hajashuka.

Mei alifika chini bila kupumzika. Alisimama mlangoni, mama mikononi, akacheka peke yake. Haba na haba hujaza kibaba. Hofu ya miezi minne ilimtoka pale pale.

Alasiri waliporudi, akakishika chuma kwa madaha. Kilikuwa kizito vilevile. Bembea ya hamsini ilimmaliza pumzi, ya hamsini na moja ikamshinda. Akafungua daftari. Wiki iliyopita, hamsini. Aprili yote, hamsini. Tangu katikati ya Machi, hamsini. Kuandika aliandika, kusoma ndiko hakusoma.

Yeye hakuwa ameongezeka nguvu. Kliniki hawampimi mama uzito, kwa kuwa mizani yao ni ya kusimama, naye hasimami. Na gauni la mama, Areej mwenyewe amelipunguza ubavuni mara mbili, akidhani kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Mshonaji mzima! Alimtazama mama chini ya leso, akaogopa kuliko alivyoogopa kwenye kidato cha tisa.

"Leo waandika nini?" mama akauliza.

"Kwamba nimekuteremsha bila kupumzika."

"Mashaallah. Nalijua utapata nguvu, mwanangu."

"Naam, mama," Areej akasema, na moyoni akamwomba Mungu mwezi ujao mama amlemee.