Renne Mbele ya Wakwe

Ilianza siku ya ine ya juma, saa saba za mchana, wakati mwalimu wetu wa biolojia alipopitisha kofia yake kati ya madawati. Ndani mlikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na jina la mnyama. Kila mwanafunzi alipaswa kuchukua kimoja, na kesho yake asubuhi asimame mbele ya darasa afanye ekspoze, amweleze mnyama wake. Rafiki yangu wa dawati alipata mbuzi. Mvulana wa nyuma yetu alipata gorila, akaanza kujigamba kama vile yeye njo alimuumba. Mimi nikapata renne.

Nilisoma, nikakikunja tena polepole, nikajaribu kukirudisha kofiani kama mtu ambaye bado hajachukua. Prof aliniona. Akaniambia nisome kwa sauti, na sauti niliyotoa hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Basi rafiki yangu akatangaza kwa niaba yangu. Hakuna aliyejua kama ni ndege ao samaki.

Hapa ninaandika ukweli tu. Muhula uliopita ekspoze yangu ilikuwa juu ya minyoo. Nilisimama, nikaangalia dirisha, nikaendelea kuliangalia, mpaka Prof akaniambia nikae. Nikapata sifuri. Sasa, wakati wengine wanatoka, aliniita kando akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba nikipata sifuri ya pili atasaini nihamie seksio ya ushonaji, kwa sababu mtu wa biyoshimi, seksio yetu ya biolojia na kemia, lazima afungue kinywa. Mimi ninataka kuwa daktari wa ngombe. Sijamwambia mtu. Sindano siichukii, lakini haiwezi kuzaa ndama.

Kisha akanipa fotokopi ya ukurasa mmoja wa Kifaransa, ambao mashine ilikuwa imeukata maneno ya chini. Juu kulikuwa na picha: mnyama mnene, mwenye manyoya shingoni kama mtu aliyevaa skafu, na pembe zenye matawi mengi kuliko kichwa kinavyoweza kubeba. Aliishi mbali kabisa kaskazini, kwenye theluji. Nilitembea naye mpaka nyumbani, nikimtazama na kumlaumu.

Jioni hiyo mjomba wangu, kaka ya mama, alikuwa ameshuka kutoka shamba la juu, pale anapokamua ngombe na kutengeneza fromaji, jibini ya kwetu. Alikuwa ameketi jikoni na koko yangu, mama ya baba. Mama alikuwa anachagua maharagi, na Papa alikuwa mlangoni anatia mpini kwenye jembe. Mama akaniambia nisome ile karatasi yangu kwa sauti, niigeuze Kiswahili, ili ajue kwa nini nimekuwa na uso wa mgonjwa tangu nifike. Nikasoma nikiwa nimeinamia karatasi. Kwamba renne anacheua kama ngombe. Kwamba pembe zake huanguka kila mwaka, halafu zinaota upya. Kwamba hata jike ana pembe.

Pale mjomba akaacha kutafuna kipande chake cha fromaji.

Lazima nieleze kitu. Kwetu, familia ya mvulana ikileta ngombe za mahari, familia ya msichana haizipokei hivi hivi. Lazima itafute kasoro. Hata kama ngombe ni mzima kabisa, watafungua kinywa wahesabu meno, watainua mkia, watasema huyu anachechemea, yule ana jicho baya. Na msemaji wa upande ule mwingine lazima aitetee ngombe yake kwa heshima, bila kukasirika, mpaka wote wachoke na kasiksi, pombe ya ndizi, imiminwe. Mjomba wangu anajulikana kwa kazi hiyo. Watu wanamwalika harusini ili tu atafute kasoro.

Akachukua picha, akaisogeza karibu na moto, akaitazama kama mkwe.

"Hii ngombe munatuletea, pembe zake zinaanguka," akasema. "Siye tunapokea ngombe. Hatupokee muti ya avoka yenye kuangusha matunda."

Sijui nini kilinipata. Labda nilimwonea huruma yule mnyama, amesafiri kutoka kwenye theluji yote ile aje kutukanwa jikoni kwetu. Nikasema, "Muzee, tunakusalimia. Zinaanguka, lakini zinarudia. Ngombe yenu ikivunja pembe, inarudia?"

Koko akacheka mpaka akashika mbavu. Mjomba akanitazama, kisha akajiweka sawa kwenye kiti, maana sasa kazi ilikuwa imeanza. Akauliza mnyama huyu anakula nini. Nikamwambia kwamba wakati wa baridi anachimba theluji kwa mguu, anatafuta chini yake vile vitu vya kijivu vinavyoota kwenye mawe na kuning'inia kwenye miti kama ndevu. Koko akauliza theluji yenyewe ni kitu gani. Papa akamjibu ni kama mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka. Koko akasema basi anayekula uchafu wa mawe chini ya mvua ya mawe ni mnyama asiyesumbua, apokelewe. Mjomba akamwomba asiharibu mazungumzo.

Akauliza maziwa. Nikakubali ni kidogo, lakini mafuta yake yanapita ya ngombe zetu kwa mbali. Hapo nikaona mjomba anawaza fromaji. Lakini hakushindwa. Alikuwa amesikia nikisoma kwamba renne akitembea miguu yake inalia, ta, ta, ta.

"Ile iko mugonjwa ya magoti," akasema.

Nikaeleza kwamba si ugonjwa. Ni mshipa mgumu wa mguu unaoteleza juu ya mfupa kila anapokanyaga, na wengine wanasema unawasaidia kusikilizana wakati upepo wa theluji unawazuia kuonana. Mama akasema kwamba hata Papa analia hivyo akishuka kitandani. Papa, bila kugeuka, akaomba asiingizwe katika mahari ya watu.

Tuliendelea mpaka maharagi yakaisha kuchaguliwa. Kwa macho, ambayo kwa ndani ni rangi ya dhahabu wakati wa jua na bluu wakati wa giza la baridi, mjomba alisema hiyo ni uchawi mtupu. Nikamwambia ni ili yashike mwanga mdogo uliobaki. Mwishowe akasema wataipokea, ila sisi tuongeze mbuzi mmoja wa kuisindikiza.

Asubuhi, siku ya tano, rafiki yangu alimaliza mbuzi wake haraka, kisha Prof akaniita. Nikafika mbele ya tablo, ubao wa chaki. Nyuso zote zikanigeukia. Nikatafuta sentensi ya kwanza, ile niliyotayarisha njiani, yenye maneno ya kitabu, "familia" na "spesi". Haikuwepo. Kinywa changu kikachukua njia pekee kiliyoijua.

"Wazee, tunawasalimia," nikasema. "Tumewaletea ngombe."

Nikasikia nilichosema. Nikatamani ardhi ipasuke. Prof akainua kichwa, kalamu yake ikiwa hewani. Halafu yule wa gorila, kule nyuma, akajiegemeza, akaweka mguu juu ya mwingine kama baba mkwe mwenye mashamba mengi.

"Tunasikia," akasema. "Iko na kasoro gani?"

Nikataja kasoro zake kama mjomba alivyozitaja, na darasa zima likawa wakwe. Waliuliza kuhusu pembe, na nikajibu. Kuhusu magoti, nikajibu. Mmoja akasema jike mwenye pembe ni jike wa vita, kwao hawamtaki. Nikamweleza kwamba dume anaangusha zake baada ya msimu wa kupanda majike, wakati baridi inaanza, na jike mwenye mimba anabaki na zake mpaka karibu na kuzaa. Dume mkubwa akija kumnyang'anya shimo la chakula alilochimba mwenyewe, nani atamsukuma nani? Wasichana wakapiga madawati. Mmoja wao akasema kwa upande wao mazungumzo yameisha, ngombe iingie.

Prof akauliza renne anaishi miaka mingapi. Nikamwambia sijui, mashine ilikata karatasi pale. Nilishangaa kwamba kusema sijui hakukuniua. Akaandika kitu kwenye daftari lake, bila kunionyesha, akasema inatosha, nirudi kukaa.

Rafiki yangu alikuwa tayari amenisogezea nafasi. Nilimwona. Lakini karatasi ilikuwa bado na kipande ambacho hata mjomba hakukifikia.

"Prof," nikasema, "bado kwato."

Sikungoja anijibu. Nikachukua chaki, nikageukia tablo, nikachora mguu mmoja mkubwa, nikaanza na kwato za wakati wa joto, zile laini, pana, za kukanyagia matope kama ya kwetu.