Posa ya Watu Mia Nne Thelathini na Wawili

Pii, pii, pii. Tulilisikia lori likirudi kinyumenyume kabla hatujakata kona ya kwa kina Aline pale Toongabbie, kitongoji cha Sydney, na sikujua bado kwamba linaniimbia mimi (mpaka leo nikisimulia, masikio yananiwaka moto). Lilikuwa linashusha viti.

Tulikuwa tunakwenda kumposa Aline. Mama Aline, Mrundi anayehudumia wazee, aliomba kitu kimoja tu, ajue wageni ni wangapi asije akaaibika kwa chakula. Mwingine angepiga simu. Mimi, kwa kutaka mama mkwe aone binti yake anapata fundi wa programu, nikatengeneza ukurasa wa mtandao kwa lugha ya JavaScript, kila nyumba ijaze watu wake, jumla imfikie mama kwenye simu. Shangazi Wambui akajaza nne, mjomba tatu, mimi na rafiki yangu wawili. Tisa, sivyo? Lakini unachojaza kwenye kisanduku cha ukurasa hupokelewa kama maandishi, hata kiwe namba, na maandishi ukiyawekea alama ya kujumlisha hayajumlishwi, yanaunganishwa kama mabehewa: 432, na ndiyo namba iliyomfikia mama.

Mama Aline alitutazama, kisha akaitazama barabara nyuma yetu.

“Wengine wako wapi?”

“Ndio sisi, mama.”

“Mwanangu, sisi tulikimbia vita, wewe unatuletea jeshi, halafu jeshi lenyewe halifiki? Nimeazima masufuria ya kanisa zima!”

Badala ya kuomba radhi, nikafungua kompyuta palepale sebuleni (kiburi hakina likizo), nikazipanga zile namba kwenye safu moja, nikaanza na sifuri nikaijumlishia safu hiyo, nikiamini sasa zitasomeka kama namba. Safu nayo ikageuka maandishi, skrini ikaandika 04,3,2.

“Haiya, sasa tumeingia na mikato,” shangazi akasema. “Funga hiyo kitu, wewe!”

Mama Aline akanisogelea. “Nikipata wajukuu wawili, kisha watatu, nina wangapi?”

“Watano, mama.”

“Merci, asante Mungu. Si ishirini na tatu.”

Sebule nzima ikaangua kicheko, Aline akajifunika uso kwa kitenge. Tangu siku ile sijumlishi chochote kabla sijakigeuza kuwa namba mwenyewe, na idadi ya wageni naiuliza kwa mdomo.

“Siku ya harusi nitaipanga na shangazi yako,” mama akasema, akinisukuma bega taratibu kuelekea nje. “Wewe kapunge upepo kwanza.”

Akaufunga mlango nyuma yangu.