Jina Lililokatwa

Mhariri kaniganda tena nisimulie ile ya mtunzi wa muziki wa filamu, utadhani ilikuwa sherehe. Haya.

Miaka ile ya wakimbizi, mtunzi alitoka Dar es Salaam na kinasa sauti, akaja kwetu ziwani. Mwaloni, pale boti zinapofunga, akamnasa mama wa Kirundi akimwita kwa jina mwanawe aliyepotezana naye njiani: "Ndihokubwayo!" Mtunzi akadhani ni wimbo.

Wiki iliyofuata akatualika, na yule mama pia, mtaani kwetu Gungu tusikilize muziki wake. Zikalia injini, yakakwaruzwa mabati, kisha ikaja sauti nyembamba kama ya mtoto: "Ndiho... ndiho..." Kwa Kirundi hiyo ni "nipo, ni mzima." Sisi Waha, lugha yetu ni jirani na yao, tulielewa.

Yule mama aliinuka mbio, akachungulia nyuma ya spika. Akakuta nyaya.

"Mama, ni sauti yako hiyo," mtunzi akasema, anatabasamu. "Nimeikata kidogo, nikaipandisha iwe nyembamba."

"Umemkata mwanangu," mama akajibu. "Kesho utamwita wewe. Jina lote."

Filamu za wasomi, naambiwa, si lazima zieleweke. Hili la mama mtunzi alilielewa. Siku nne, kila boti ilipofunga, alisimama kando ya yule mama akaliita jina zima, mpaka koo likamkauka, na hakuna aliyeitika.