Anashukuru

Nesi wa uzazi wa mpango alikuwa na mkono mwepesi. Akikuwekea kijiti chini ya ngozi ya mkono, unabaki ukiuliza kama ameshaanza. Wanawake walimpenda kwa hilo. Wafadhili wa ng'ambo walimpenda kwa jingine: vijiti vyake havikutolewa kabla ya muda.

Havikutolewa kwa sababu waliotaka kutolewa aliwarudisha nyumbani. Mkubwa wa kituo alishawaambia manesi kwamba wafadhili wanataka kuona vikiingia, si vikitoka.

Siku waliyokuja wageni kutoka kwa hao wafadhili, aliingia wifi yake, mke wa kaka yake, sweta amelifunga kiunoni, midomo imempauka.

"Wifi, damu haikatiki. Nitoe hiki kitu."

Wageni walikuwa wamekaa kando ya ukuta, na nesi ndiye aliyekuwa akiwatafsiria. Akatabasamu. "Vumilia, wifi yangu. Mwili utazoea."

Wifi hakupandisha sauti. "Chako si ulikitoa? Mbona mwili wako haukuambiwa uvumilie?"

Ilikuwa kweli. Mwenzake wa zamu alimtoa kijiti katika chumba hicho hicho, mlango umefungwa, wala hakuulizwa sababu.

"Anasemaje?" akauliza mgeni mmoja kwa lugha yao.

"Anashukuru."

Wageni wakatabasamu, wakamwinamishia wifi kichwa kwa upole. Lugha yao wifi hakuijua, ila yale matabasamu aliyaelewa. Akainuka, akatoka akijishika ukutani. Nesi hakumfuata, alimwita anayefuata.

Jioni alikwenda kwa kaka yake. Wifi alikuwa amejilaza, amegeukia ukuta.

"Uliwaambia nimesema nini?"

Uongo ulimjia mdomoni, akaumeza. "Kwamba unashukuru."

Wifi akacheka kikavu. "Basi nikija kushukuru kweli, utawatafsiria nini?"

Nesi akaketi kando yake. "Njoo asubuhi nikutoe hicho kijiti. Mlango nitauacha wazi."

Akamtoa kijiti, mlango wazi, mkubwa wa kituo akipita koridoni. Waliokuwa kwenye benchi waliona, na baadhi wakaingia baada ya wifi wakikunja mikono ya blauzi, bila kusema neno. Aliwatoa wote vijiti vyao, macho chini.

Mwezi haujaisha, akahamishiwa dirisha la dawa. Wifi akija kuchukua vidonge vya kuongeza damu, humsalimu vizuri tu. Ila siku hizi humwita "nesi", kama wagonjwa wengine, naye huitika.