Siagi ya Masisi kwenye Jiwe la Binti Yangu

Dada yangu alikimbia vita vya Masisi na vitu viwili: godoro na chupa ya siagi ya ng'ombe. Watoto na wajukuu wake walimfuata, na nyumba yangu ya mbao hapa Goma ikajaa mpaka aliyetaka kujigeuza kitandani alilazimika kutangaza kwanza.

Ndipo binti yangu akaja. Uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alipitia Kigali na kuvuka mpaka kwa miguu, akiburuza valizi. Alikuwa akitoka maabara moja ya mbali kwenda nyingine ya mbali zaidi, lakini habari za vita zilimnyima usingizi, akazunguka njia ndefu ili atuone.

"Unafanyaka kazi gani kabisa, mutoto yangu?" dada yangu alimuuliza walipokuwa wakichambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Ninamulikaka mawe, shangazi."

"Na tochi?"

"Tochi kali sana. Mwanga ukipiga jiwe, kitu kidogo kinaitwa elektroni kinaruka inje. Tunapima mbio yake na upande yenye inaelekea, tunajua vile ilikuwa inaishi mule ndani."

Dada yangu akafikiri. "Kama mutu anatoka kwa kambi. Ukiona vile anatembea, unajua vile alilala."

Binti yangu alicheka, akaifuta mikono na kututolea kiboksi cha plastiki. Ndani mlikuwa na kipande cha kijivu, kidogo kuliko punje ya maharagi. Kilikuwa na seriumu, alisema, moja ya metali zinazoitwa ardhi adimu. Katika shaba elektroni nyingi hupita kama watu barabarani. Katika seriumu kuna nyingine zinazokaa nyumbani, kila moja kwenye atomu yake. Lakini baridi ikizidi sana, wakaaji huchanganyika na wapitaji, na hakuna anayeweza kupiga hatua bila kumsukuma mwenzake. Basi zote zinakuwa nzito.

"Ni kama hapa," akasema. "Mimi nikienda choo, nyumba yote inasogea."

"Unasema niko muzito?" dada yangu akauliza, na watu wakacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mimi niliinuka nikaenda kuchochea moto. Nilimaliza sekondari tu, lakini haikuwa hiyo sababu ya kuondoka. Binti huyu alipofika umri wa kuchagua masomo, nilimwandikisha sekisheni ya biashara bila kumuuliza, maana nilitaka awe karani nadhifu wa ofisini. Alihamia hesabu na fizike mwenyewe, na mama yake akaniambia muhula ukiwa umekwisha. Sikuomba radhi. Nilianza tu kumsifu kwa majirani kana kwamba wazo lilikuwa langu.

Siku ya safari, yeye na mama yake walikwenda sokoni kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga. Kiboksi kilikuwa mezani. Nilikitazama kile kipande na kikanisikitisha: kimefifia, kama kimeshikwa na vumbi letu jeusi la volkeno. Kwetu Masisi mtu haondoki nyumbani na ngozi kavu. Mkubwa wa nyumba humpaka siagi kwenye paji la uso na mikono, ili huko aendako waone kwamba ana kwao. Nikachukua chupa ya dada yangu. Nilikishika kipande kwa ncha za vidole, nikakipaka pande zote. Kiling'aa vizuri mno.

Binti yangu aliporudi nilimwonyesha kwa fahari.

"Papa," alisema polepole, "umepakaa nini?"

"Siagi. Ya ng'ombe kabisa."

Akakaa chini. Mwanga ule, akanieleza, unatoa habari za ngozi ya jiwe tu, na hata hewa ya kawaida inatosha kuichafua. Kwa hiyo huingiza jiwe ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha hulivunja humo humo ili lipate uso mpya. Lakini mafuta yakiingia katika chombo hicho, yanachafua kila kitu. Nafasi yake kwenye mashine ilikuwa wiki moja, na aliingojea mwaka mzima. Jiwe jingine hakuwa nalo.

"Si ulisema unataka uso safi?" nilijitetea, nikasikia upumbavu wangu kabla sijamaliza.

"Muzee huyu," mke wangu akasema, "mwaka ujao atapakaa siagi mpaka volkeno."

Binti yangu hakucheka. Alilisafisha jiwe kwa alkoholi, mara nyingi, akiligeuza juani. Lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na hakujua kama siagi ilikuwa imepenya. Nilimsindikiza mpaka mpakani. Chupa ilikuwa mfukoni mwangu, lakini sikuthubutu kuitoa. Nilimwomba radhi kwa jiwe, na nikiwa nimeshaanza, nikamwomba na kwa sekisheni ya biashara.

"Papa," akasema, "ile nilishasahau." Lakini alinishika mkono kwa muda mrefu kabla ya kuvuka.

Akaenda na ngozi kavu.

Tulingoja. Dada yangu aliliombea jiwe kwenye rozari, kati ya maombi ya wagonjwa na ya wasafiri. Kisha simu ya mke wangu ikalia: *Limevunjika vizuri. Ndani hakuna siagi.* Picha ikafuata, yenye mistari ya mwanga iliyopanda na kushuka, na mmoja uliolala karibu bapa. Chini yake aliandika kwamba huo uliolala ndio zile elektroni nzito.

Dada yangu aliisogeza simu karibu na macho. "Ninaijua hii. Ni ng'ombe yenye inakataa kusimama."

Ujumbe mwingine ukaingia, huu ukiwa wa kwangu mimi: *Papa, uniwekee siagi. Nikirudi utapakaa mimi, usipakae jiwe.*

Niliusoma kwa sauti, halafu nikausoma tena. Dada yangu akainua chupa kuelekea dirishani, akaitikisa.

"Basi arudi mbio," akasema. "Imebakia kidogo."